Hoja ya Mwalimu Immaculate

Kabla hajaitwa Mheshimiwa, Immaculate Mwandawiro alikuwa mwalimu wa chekechea hapa kwetu Mchangani. Mtaa wetu uko pembeni mwa mji wa Voi, chini ya barabara ya lami, pale mto unapopinda. Alifundisha kwenye chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa. Alikuwa mtu wa Ronge, kule juu milimani, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mtoto akilia hakumkemea, alimpa chaki aishike. Hakuolewa. Alipanga vyumba viwili karibu na kanisa, na mchana kutwa mlango wake ulikuwa wazi.

Mimi naitwa Mulinge. Nina duka la vifaa vya ujenzi kando ya lami, na miaka ile nilikuwa katibu wa kamati ya wakaazi. Naandika haya kwa sababu siku hizi watu wakimtaja Mwalimu wanamtaja kwa ubaya, na wengi wao ni wale wale waliompigia vigelegele. Mimi pia nilimpigia makofi.

Mwaka wa 2017 tulimsukuma agombee uwakilishi wa wadi. Hakutaka. Aliyemshawishi ni Syombua, mama aliyewapikia watoto uji pale chekechea. Syombua alimwambia, "Mwalimu, kila siku unalalamika kwangu kuhusu maji na taka. Mimi sina la kufanya. Nenda ukalalamike Wundanyi, kwenye bunge la kaunti, mahali watu wanalipwa kusikiliza." Mwalimu akacheka, akagombea, akashinda.

Alikuwa kiongozi asiye wa kawaida, maana alipokuwa na neno alilisema hata kama lingemuudhi rafiki. Mwenye baa iliyokuwa imepakana na shule ya msingi alikuwa amemkopesha vipaza sauti wakati wa kampeni. Mwezi wa tatu madarakani, Immaculate alisimama akasema baa ihamishwe, na ikahamishwa. Taa za barabarani zilipokuja, sisi wenye maduka tulitaka ziwekwe mbele ya maduka. Yeye alisema zianzie kule kwenye njia ya vichaka ambayo akina mama wanaofanya kazi hotelini huipita alfajiri, kwa sababu ndovu walikuwa wakivuka pale. Nilimnunia wiki mbili. Kisha binti yangu Mumbe akaajiriwa hoteli hiyo hiyo, nikanyamaza.

Jambo lililomwangusha lilianza mwaka wa 2018. Kando ya mto kulikuwa na nyumba zaidi ya sitini. Mto wetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na watoto hucheza mpira humo. Watu waliotoka Ukambani na wengine walioshuka kutoka milimani walikuwa wamejenga pale kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Asubuhi moja walikuta kuta zao zimepakwa alama ya X nyekundu. Notisi ya kaunti ilisema wahame ndani ya siku tisini, na kwamba wangepewa viwanja mahali pengine, kilomita saba kutoka mjini.

Syombua na mumewe Kitheka, fundi wa mawe, walikuwa na nyumba ya tatu kutoka ukingoni. Kitheka aliijenga kwa mikono yake, na mabati na saruji alichukua kwangu.

Immaculate alikwenda kuviona viwanja hivyo, nami nikaenda naye. Hapakuwa na maji wala shule. Palikuwa na kinyesi cha ndovu, bado kibichi, katikati ya vigingi vya wapimaji. Alisimama pale jua kali, mkono kiunoni.

Tuliporudi, mhandisi kijana aitwaye Austin alimpeleka darajani. Alimwonyesha mstari kwenye nguzo, juu kabisa, juu ya kichwa chake Immaculate. Maji yalifika pale wakati wa ile mvua ya 1997.

"Yatarudi, Mheshimiwa," Austin alisema. "Siwezi kukuambia ni mwaka gani."

"Na nikiwahamisha kule, watoto watasomea wapi?"

"Hilo silijui."

"Maji watachota wapi?"

Austin aliangalia viatu vyake. "Mimi nimeambiwa nipime mto tu."

Naamini ni hapo alipoamua kuipinga notisi. Siku iliyofuata kamati ilikutana, nikaandika barua ya kupinga notisi, na watu mia mbili wakatia sahihi. Immaculate aliichukua hadi bunge la kaunti, Wundanyi, akawasilisha hoja kwamba hakuna mtu wa Mchangani atakayehamishwa mpaka ipatikane ardhi yenye maji na shule. Alizungumza vizuri kuliko siku zote. Hoja ikapita. Alipofika mtaani tulimpokea kwa nyimbo, na akapanda juu ya meza ya Syombua, ile ya kuuzia maharagwe, akasema, "Kaeni. Hakuna atakayewagusa."

Kaeni. Neno hilo ndilo watu wanalolikumbuka. Waliokuwa wameanza kufunga mizigo waliifungua. Wengine hata waliongeza vyumba, na vifaa walinunua dukani kwangu.

Ardhi nyingine haikupatikana. Immaculate aliuliza kila mwezi, na kila mwezi aliambiwa jambo linashughulikiwa. Mwaka ukapita, hata yeye akawa na mengine ya kufuatilia.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba 2019, kama saa tisa alasiri. Voi jua lilikuwa linawaka, nguo zimeanikwa. Lakini tangu asubuhi milima ilikuwa haionekani, imemezwa na wingu jeusi. Nikiwa dukani nilisikia kishindo kama cha lori linalomwaga kokoto, ila hakikukoma. Nilipotoka nje watu walikuwa wanapanda mbio kuja barabarani. Nyuma yao mto ulikuwa mwekundu na mpana, umebeba migomba mizima kutoka mashamba ya juu.

Syombua alikuwa ametoka. Nilimwona kwa macho yangu amesimama kwenye lami, amemshika mkono binti yake Nthenya, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Kisha akasema, "Mbuzi nimewafunga." Akaniachia mtoto. "Baba Mumbe, nishikie huyu, narudi sasa hivi."

Nilimwambia asiende. Sikumwambia kwa nguvu. Maji yalikuwa bado hayajafika mlangoni kwake, nami nilidhani ana muda.

Walikufa watu watatu siku ile. Syombua alipatikana siku ya pili, ndani ya shamba la mkonge, mbali kule chini.

Immaculate alikuwa Wundanyi. Barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko ya udongo, akashuka sehemu kwa miguu, akafika kesho yake adhuhuri, sketi yake imejaa matope hadi magotini. Hakwenda kwanza kwa maofisa waliokuwa wakimsubiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Kitheka, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe karibu na kanisa. 

"Mwalimu," Kitheka alisema, "ulituambia tukae."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo vizuri.

"Ndiyo," Immaculate akajibu. "Niliwaambia."

Akaketi chini, kwenye udongo. Alikaa na wanawake waliofiwa mpaka Syombua akazikwa, akipika, akiosha sufuria, akimlaza Nthenya mapajani. Kwenye mazishi walimwomba aongee akakataa.

Januari iliyofuata aliitisha baraza uwanja wa kanisa. Wengi walidhani anakuja kutangaza misaada, maana mablanketi yalikuwa yametolewa mitaa mingine. Alisimama chini, hakupanda jukwaani.

"Nilikosea," alisema. "Viwanja vilikuwa vibaya, hilo bado nalisema. Lakini nilionyeshwa alama ya maji darajani nami nikaipuuza. Ningewaambia mhame kwanza, halafu tupiganie maji na shule tukiwa huko. Niliogopa kuwaudhi, na nilipenda mlivyoniimbia. Sasa nawaomba mhame. Nitaleta hoja ya kufuta ile ya kwanza."

 Kisha mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Wamekununua kwa bei gani, Mheshimiwa?" Watu wakacheka. Mwingine akasema Mwalimu anataka ardhi iachwe wazi ili matajiri wajenge hoteli. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa imesombwa nusu alisimama akamwambia, "Sisi tumefiwa, halafu wewe unataka kutufukuza?" Immaculate alijaribu kumjibu lakini hakusikika.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kamati, mbele kabisa. Mimi ndiye niliyeandika ile barua. Nilimwona anageuza macho kuniangalia. Nikainamia karatasi zangu.

Hoja yake ya pili haikupata hata mtu wa kuiunga mkono. Kwa hiyo akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Kila Jumamosi, kwa miaka miwili, ulimwona pale ukingoni na mwavuli wake, anabisha hodi. Waliotaka kuhama aliwatafutia gari la kubebea vitu, na alipigana mpaka bomba likafika kule kwenye viwanja. Familia kumi na nane zilihama. Nyingine zilibaki, na nyumba zilizobebwa na maji zilijengwa upya pale pale.

Kitheka naye alijenga tena, safari hii kwa mawe matupu.

"Kitheka, ndugu yangu, hama," Immaculate alimwambia mbele yangu. "Nakuomba."

"Kazi yangu iko mjini, Mwalimu. Nikitoka kule alfajiri kwa miguu, nitafika mahali mawe yameshapangwa na mwingine. Nthenya atakula nini?"

 Lilikuwa kama yale maswali aliyomuuliza Austin darajani, sasa yamerudi kwake.

Uchaguzi wa 2022 alisimama dhidi ya Geoffrey, mfanyabiashara, aliyekuja na kauli moja tu: hakuna kuhama. Pale Mchangani, kituo kilichowahi kumpa karibu kura zote, Immaculate alipata kura thelathini na moja. Najua moja ilikuwa yangu, na najua ilikuwa imechelewa. Asubuhi ya matokeo alifagia vyumba vyake viwili, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo, akaenda kwao Ronge kumuuguza mama yake. Hapakuwa na mtu wa kumsindikiza. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, nasi tulisikia baada ya mazishi.

Aprili mwaka huu nilikwenda kumwona. Ilinichukua miaka mitatu kupata ujasiri. Nilimkuta shambani anapalilia maharagwe, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinipokea kama mgeni wa heshima. Alichemsha viazi vitamu, akanipikia na mboga, akaniuliza habari za Mumbe, za duka, za kila mtoto aliyemfundisha, kwa jina. Nthenya, akaniambia, amemaliza sekondari na humpigia simu Jumapili.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ya baraza nilipaswa kusimama."

"Ulipaswa," akajibu. Akanisogezea sahani. "Kula, vitapoa."

Tulikuwa hatujafika nusu wakati matone mazito yalipoanza kupiga mabati. Immaculate aliweka kijiko chini. Alitoka hadi mlangoni, akaangalia mlima wa ng'ambo, akaona unafunikwa. Akarudi na simu na daftari la shule lenye namba za watu, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake mkubwa wa ubaoni.

"Kitheka, ni Mwalimu. Huku imeanza, tena ni kubwa. Tokeni sasa. Mpitie mzee wa jirani." Alisikiliza. "Hapana, usingoje. Mbuzi waache."

Alipiga ya pili, haikupokelewa. Ya tatu mtu alipokea, akasema jambo fupi, akakata. Immaculate aliweka alama kwa kalamu, akaenda kwenye namba iliyofuata. Nikamuuliza kama hufanya hivi kila mvua.

"Kila mvua," akasema. "Wengine wananitukana. Wengine wanatoka."

Mvua ilikuwa imezidi, tukawa tunasikizana kwa shida. Nilitoa simu yangu mfukoni, nikasogeza kiti karibu na daftari, nikamwomba anisomee namba kuanzia chini ya ukurasa.