Ukuta Ambao Sikuupiga Teke

Nilikuwa fundi mkuu wa waashi kwenye jumba moja la Kinindo, la mtu ambaye vita havikumpunguzia kitu, pale direkta wa lise moja, mkuu wa shule ya sekondari, alipotuletea wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Jumamosi nne, alisema, wauone ujenzi kwa macho na kwa mikono. Nyumba zilikuwa zinachomwa kila upande wa mji, na yeye aliona heri mtoto ajue kujenga kuliko kusubiri kazi ya ofisini ambayo haipo. Maneno mazuri. Mimi shule nilifukuzwa darasa la sita, na sitaficha, nilifurahi sana kuwaona watoto wa kalamu wakipiga chafya kwenye vumbi la saruji.

Sisi waashi tulikuwa na desturi yetu. Mwanafunzi anajenga ukuta wake wa kwanza, hadi kiunoni, na kabla udongo haujakauka fundi anakuja kuupiga teke. Unalala chini. Watu wanacheka mpaka machozi, kisha fundi anachuchumaa naye, wanaokota matofali pamoja, na hapo ndipo anamwonyesha jinsi kona inavyofungwa: tofali la ukuta huu liingie kwenye ule, la ule liingie kwenye huu, hivyo hivyo hadi juu, mpaka kuta mbili ziwe kitu kimoja. Tuliita kubatizwa, hata sisi Waislamu wa Buyenzi. Aliyepigiwa teke ameshakuwa wetu, anafundishwa mpaka mwisho.

Kati yao alikuwemo msichana mmoja, mrefu, mkimya. Siku ya kwanza tu aliniambia mbele ya wenzake kilichomleta.

"Fundi, mi sitafuti kazi. Nataka kujua kujenga nyumba moja tu, ya mama."

Nyumba yao ya Carama ilikuwa imechomwa. Mama na watoto walikuwa wamejibana kwa shangazi huko Kinanira, na shangazi alikuwa ameshawaambia wazi: mvua zikianza, watafute pao. Fundi wa kwenda Carama hakupatikana. Risasi zilisikika huko hata mchana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekataa kazi mbili za upande huo. Kwa hiyo angejenga yeye. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Akajenga ukuta wake. Nikaning'iniza timazi, uzi ukashuka sambamba na kila tofali, juu hadi chini. Fundi wangu mmoja akapaza sauti: "Ee patroo, huyu anakushinda!" Wakacheka wote, nami nikahisi uso unawaka. Siku zile kila ubaya ulikuwa na kisingizio cha kabila, na ningeweza kukitumia na mimi. Lakini ulikuwa wivu tu. Mimi niliwabebea mafundi maji miaka mitatu kabla ya kushika mwiko, na huyu mtoto alihitaji asubuhi moja.

Nikapita mstari mzima. Ukuta wa kwanza teke, wa pili teke, kelele na vicheko. Nilipofika kwake alirudi nyuma hatua moja akitabasamu, akashika sketi yake isirukiwe na udongo. Nikausogelea ukuta, nikautazama, nikampita.

"Fundi, na yangu je?"

"Yako iko muzuri, mademwazeli. We rudi ku kalamu yako."

Vicheko vilikatika. Mafundi wangu walijua nilichofanya, na yeye alijua pia, maana wenzake wote walikuwa wamechuchumaa na mafundi wao, wakichafuka na kutaniwa, na yeye amesimama peke yake na ukuta wake mzuri. Jumamosi iliyofuata alikuja, akasimama pale pale mpaka saa sita. Hakuna aliyethubutu kumfundisha. Kila alipowasogelea wenzake ili aone kona, nilimtuma akachote maji. Jumamosi ya tatu hakuja.

Mwaka uliofuata direkta alirudi na orodha ya wanafunzi wapya. Nikamuuliza, hivi hivi tu, habari za yule msichana mrefu.

"Aah, haukusikia? Alijenga, na wadogo zake. Mvua ya pili ukuta moja ikaanguka. Mama yake alikuwa anapika pale chini."

"Akafa?"

"Tulimuzika."

Kisha akaniuliza kama Jumamosi ijayo ingenifaa kupokea hao wapya.

Nilikwenda Carama, mimi niliyekuwa nakataa. Kuta tatu zilikuwa bado zimesimama, zimenyooka kuliko zangu. Kwenye kila kona nilipitisha kiganja kati ya ukuta na ukuta. Zilisimama jirani tu, hazikushikana popote.

Yule msichana alitoka nyuma ya nyumba na ndoo mkononi. Ningependa anitukane, hata anirushie ile ndoo. Alinisalimu, akaweka ndoo chini.

"Fundi, ilianguka sababu gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole vyangu, vya mkono huu nimevipitisha kati ya vya mkono ule. Alitazama kwa makini, akajaribu kwa vyake, akavivuta kuona kama vinaachana.

"Hii munafundishaka siku ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikasema.