Nani Alitangulia Nyasura

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo silifichi, maana wengi waliofika mbele zaidi wamewahi kuja dukani kwangu kuomba kazi. Lakini historia ya mtaa wetu pale Nyasura, Bunda, aliyeitafuta mpaka ikapatikana si mwalimu wala diwani. Ni mimi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Ile miaka ya kufua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haipatikani ilikuwa imepita. Sasa kila mtu anauza, kila mtu anajenga, na Bunda inaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ndipo akaletwa bwana ardhi kupima barabara ya mtaa. Akapigilia vigingi vyake, akafuta jasho, akasema barabara ina njia mbili tu: ama ibomoe fremu zangu za maduka, ama ipite uani kwa jirani yangu.

Jirani mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, anakaa nyumba ya udongo, na uani kwake kuna kaburi la mumewe. Kaburi halina saruji wala msalaba. Ni mawe yamepangwa, yamezungushiwa ua wa minyaa, basi. Bwana ardhi akasema mkutano wa mtaa uamue: aliyetangulia kukaa pale atabaki, aliyekuja nyuma atapisha.

Mimi nikasimama kabla mwenyekiti hajamaliza kukohoa.

"Hapo hakuna kesi," nikasema. "Nilifika hapa ni pori tupu. Pale ilipo mashine ya kusaga, fisi walikuwaga wanalia mpaka unashindwa kusikia redio. Bati la kwanza mtaa huu ni langu, na nililileta kwa njia za panya kutoka Kenya, wakati ninyi wengine mnatafuta nyasi za kuezekea."

Na sikusema uongo. Bibi yule nilimwona kwa macho yangu akija, anatoka Buswahili na sufuria kichwani, mimi nimeshahamia na nimeshapiga na chokaa.

Bibi hata hakusimama. "Baba," akasema, "wewe ulikuja na bati. Sisi tulikuwa hapa na ng'ombe. Wakati wa operesheni ya vijiji tulipakiwa kwenye lori tukapelekwa Buswahili. Mimi sikuja hapa, nilirudi. Mume wangu yumo humo. Mkitaka kupitisha magari juu yake, mtayapitisha na juu yangu."

Karibu wote pale ni watu wa kuja, huyu katoka Musoma, yule Ukerewe, hakuna aliyejua nani alikaa wapi zamani.

"Mama," bwana ardhi akasema, "mawe mtu anaweza kuyapanga hata jana. Ushahidi uko wapi?"

"Nitautafuta mimi," nikasema. Watu wakacheka, wakidhani natania. Lakini nani mwingine angeweza? Nilikuwa na pikapu ya kubebea samaki, nafika Musoma kila juma, na watu wananijua mpaka Butiama. Tena nilikuwa na hakika ya kushinda.

Nikaanzia Musoma, mtaa wa Iringo, kwa mzee aliyeniuzia kiwanja. Zamani alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Sasa anakaa kwa mwanawe, nyuma ya duka la nguo. Nikampa sato mkubwa, akafurahi.

"Mzee, shikamoo. Uliponiuzia kiwanja, palikuwa pori au si pori?"

"Marahaba. Pori."

"Si unaona! Twende ukawaambie."

"Ngoja kwanza. Pori la lini? Wewe ulikuja wenyewe wameshahamishwa, nyumba zimeshaezuliwa, majani yameota. Pakiachwa misimu kadhaa hata sokoni panaota pori. Mimi nilikuuzia kiwanja, sikukuuzia historia."

"Sasa mji wa nani ulikuwa pale?"

"Mimi mwenyewe nilihamia baadaye. Nenda Buswahili, kawaulize waliopakiwa kwenye lori."

Nikaondoka nikimjutia yule sato.

Buswahili nikaelekezwa kwa shemeji yake bibi, mdogo wa marehemu. Nikamkuta shambani anachuma pamba. Nikamsalimia, nikajieleza mimi ni nani, nina nini na nini. Akanisikiliza vizuri, kisha akanitupia kiroba.

"Mtu akija shambani kwangu anaongea huku anachuma," akasema.

Nikachuma. Mtu mwenye fremu nne za maduka, nachuma pamba ya watu na shati la kutembelea.

"Wewe unakaa upande gani wa yale mawe?"

"Upande wa jua linapozama."

"Ahaa. Mkeo anapanda mboga?"

"Mchicha, mzee! Unamfika kifuani, na samadi hatujawahi kuweka hata koleo moja. Ni mkono wangu tu. Mimi nikigusa kitu kinaota."

Yule mzee alicheka mpaka akaangusha kiroba. "Mkono! Mwanangu, huo ni mkojo wa ng'ombe wetu."

Kisha akaacha kuchuma, akanieleza. Kwao mwenye mji akifa anazikwa kando ya lango la zizi, mkono wa kulia unapoingia, ili aendelee kuwaona ng'ombe wake wakitoka na kurudi. Kaka yake walimzika hivyohivyo, kabla ya operesheni.

"Usibishane na shemeji yangu," akasema. "Chimba nyuma ya fremu zako. Ukikuta udongo mwekundu, basi mawe yale kayapanga jana. Ukikuta kitu kingine, na wewe ni mtu wa Mara, hutahitaji mwalimu."

Mtu mwingine angechimba kimyakimya kwanza ajionee. Mimi nikatangaza. Nikamwita mwenyekiti, nikamwita bwana ardhi, nikawaita majirani, nikavua shati nikashika jembe mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilitegemea udongo mwekundu. Na mwanzo ulitoka mwekundu kweli, nikawa natabasamu. Kumbe ulikuwa kifusi cha msingi wangu mwenyewe. Chini yake ukatoka mweusi. Chini ya mweusi yakaanza kutoka matabaka ya kijivu, yanamenyeka kama mkate mkavu. Halafu vichwa vya nguzo vilivyooza, vimejipanga mstari mmoja, na mstari unaelekea kwenye mawe ya bibi.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Sisi wote tumekua tukibeba samadi kichwani. Fundi baiskeli akachukua kidogo, akanusa, akatikisa kichwa. "Hili zizi," akasema. "Na lilikuwa la ng'ombe wengi."

Bibi akasogea, akachungulia shimoni, akaniangalia nilivyo na udongo mpaka magotini.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "wewe baba na mkeo mnalalaga zizini."

Watu walicheka wakashikana mabega. Aliyecheka kuliko wote ni mke wangu.

Bwana ardhi akanivuta pembeni. "Mzee, wewe ni mfanyabiashara. Fukia tu. Huyu bibi hana mtu wa kumfuatilia."

Hapo nikapandwa na hasira, maana maneno ya pembeni siyapendi. Nikamjibu kwa sauti, mpaka mashineni wakasikia: "Shimo hili nimelichimba mimi, mbele ya watu niliowaita mimi. Eti nifukie? Vunja fremu."

Bibi alikaa chini palepale, karibu na minyaa, akafunika uso kwa khanga. Hakusema asante. Na mimi sikuingoja.

Greda lilipokuja likachukua fremu zangu zote nne. Nilisimama nikaangalia, sikwenda kujificha. Baadaye nilijenga nyingine zinazotazama barabara mpya, na nzuri kuliko zile, kila anayepita Nyasura anaziona.

Lakini kabla sijajenga, Jumapili moja baada ya kanisa, yule shemeji alikuja kutoka Buswahili kuyapanga upya mawe ya kaka yake. Mtaa mzima ulikuwepo. Mwenyekiti akasema mwenye kuijua historia ya hapa aieleze, na wote wakanigeukia mimi. Sasa nani mwingine? Nikavuta pumzi, nikaanza: "Mimi, nilipofika hapa Nyasura..."

"Baba," bibi akanikatiza, "umesimama nje ya lango. Ingia kwanza, halafu anza na waliokuwepo."

Nikasogea mpaka mkono wa kulia ukawa usawa wa mawe, nikaanza upya.