Mawe Kumi na Mawili ya Damiano

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujainuka katika mbuga ya Mikumi. Damiano Wenceslaus, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anagonga reli kwa nyundo, anasikiliza, anakaza nati, anasonga mbele. Kwenye jiwe la tatu la kilomita anasimama na kunong'ona.

"Shikamoo, mzee. Leo sala imefika jiwe la ngapi?" anatania Oswald, kijana wa gengi lake la mafundi wa reli.

"Marahaba. La tatu. Nawe kaza hiyo spana, usinihesabie rozari."

Si sala. Damiano aliishia darasa la nne, na Jumatatu atafanya mtihani wa unyapara wa njia, mjini Kilosa. Kitabu kina kanuni kumi na mbili. Kipande chake cha reli kina mawe kumi na mawili. Kila jiwe alilikabidhi kanuni moja, na kwa miaka mitatu amezisoma kwa miguu.

Mwaka juzi, 1972, mawe hayo yalimponza. Swali la kwanza lilihusu kanuni ya tisa. Ilimbidi aanzie jiwe la kwanza, atembee kichwani hadi la tisa. Swali la pili likarudi kwenye ya nne, akaanza upya.

"Kengele ililia nikiwa bado njiani," anasema.

Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Anayeanguka mara mbili hubaki na nyundo yake.

Dawa ameipata kwa mkewe, Marselina. Jioni, akitoka shamba la ujamaa, hutwanga mahindi huku akimrushia namba ovyo.

"Saba!"

Damiano anaanzia tena jiwe la kwanza.

"Baba Agnesi, mchi umeshuka mara nne. Simba ameshakumaliza huko njiani!"

Ni kanuni ya kumi na moja pekee ambayo haijawahi kumchelewesha. Kwenye jiwe hilo, miaka minne iliyopita, mwenzake Rafaeli aligongwa na kiberenge, kile kigari cha reli, akiwa ameinama kubadili taruma lililo chini ya reli. Ukungu ulikuwa kama huu wa leo. Bendera nyekundu inayotakiwa na kanuni hiyo haikusimikwa, na anayeiamuru ni mnyapara.

"Nilijua inatakiwa," anasema taratibu. "Lakini mwenye nyundo hasimamishi kazi."

Anainua nyundo.

"Nikifaulu, siku ya kwanza vijana wataniona mkorofi. Nitasimika bendera kwanza, ndipo niitikie shikamoo zao."