Mama Pasi na Muziki wa Jumapili

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Pasi, na jina likamganda hata mtaani, mpaka majirani waliohamia baadaye wakadhani ana mtoto anayeitwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya roli kubwa la kupigia pasi, yeye upande huu na mwenzake upande ule, kila mmoja ameshika ncha za shuka. Wanalinyoosha, wanalilisha kwenye roli, roli linalimeza, na jingine tayari liko mkononi. Mvuke uliwapanda usoni. Nyuma ya ukuta mashine za kukamua nguo zilinguruma kutwa nzima, na mtu akitaka kumwambia mwenzake neno ilibidi apige kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Kwa hiyo hawakusemezana sana. Waliinuliana nyusi tu, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya miaka yote.

Jioni alirudi nyumbani hoi, masikio yanavuma, miguu imejaa. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vipuri. Mke akiingia, mume anatoka. Asubuhi mume akiingia, mke anafunga viatu. Hata kitanda chao kilikwenda kwa zamu: akiondoka huyu analala yule, na godoro halikupata kupoa. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Wawili hao waliobaki walikutana mlangoni.

"Gesi imekwisha."

"Fundi bomba kaja?"

"Hajaja. Chakula kiko mezani, nimekifunika."

Basi. Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa wote nyumbani, na Jumapili mume alilala kama gogo, naye Mama Pasi alifua nguo zao, maana dobi naye ana nguo.

Aliyewatoa humo ni wifi yake, dada wa mume, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Wifi alikuwa mfagizi wa ukumbi mmoja wa zamani, na kila Jumapili alasiri kundi la wazee wanne lilipiga jazi pale.

"Wifi, utakufa na beseni mkononi," alimwambia. "Njoo hata mara moja. Mlangoni nitakuingiza mimi."

Mama Pasi alikwenda shingo upande, ili asionekane anaringa. Alivaa viatu vya chini kwa kuwa alidhani ni dansi. Akakuta watu wamekaa kwenye viti vyekundu vilivyopauka, kimya, kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Mbele walikuwapo mpiga piano, mpiga ngoma, mpiga saksafoni, na mzee mmoja mrefu aliyekumbatia besi kubwa kama anayemshikilia mlevi asianguke.

Wakaanza. Wimbo wa kwanza aliuelewa mwanzoni, kisha ukampotea. Kila mtu alishika njia yake, huyu anapanda, yule anashuka, na mwishoni wakakutana kana kwamba waliagana pa kukutania. Wimbo wa pili mpiga ngoma aliweka vijiti chini akachukua brashi, zikawa zinapita juu ya ngozi ya ngoma kwa sauti ya shuka safi linapokunjuliwa. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia. Alizinduliwa na makofi. Watu walikuwa wamesimama, tamasha limekwisha, na mate yamemtoka upande wa mdomo.

Aliona aibu ya kufa mtu. Wifi yake hakumsaidia, alicheka mpaka akashika ukuta. Mbaya zaidi, walipokuwa wakitoka, yule mzee wa besi alikuwa amesimama mlangoni akipunga upepo.

"Mama, umelala vizuri?"

"Nisamehe, baba. Kazi yangu..."

"Uniombe msamaha wa nini? Mke wangu nyumbani halali, anasema nakoroma. Nimefurahi kumlaza mtu mmoja."

Mama Pasi akacheka, akashangaa kujisikia anacheka.

Wiki ile, mbele ya roli, kitu kimoja kilimrudia. Kabla hajalala aliwaona wale wanaume wakinyamaza. Wa piano aliondoa mikono, wa saksafoni aliteremsha chombo chake, na wote wakamgeukia mzee wa besi, wakamsikiliza mpaka alipomaliza lake. Pale kazini mashine zote zilisema kwa pamoja na hakuna iliyongoja nyingine. Na nyumbani, alifikiri huku akilisha shuka, nani alinyamaza ili mwenzake amalize? Hata nafasi ya kuanza hawakuwa nayo.

Jumapili iliyofuata alirudi mwenyewe bila kuitwa, akakaa macho kwa mbinde hadi mwisho. Iliyofuata hakuhitaji kujilazimisha. Ndipo akaanza kumshawishi mumewe.

"Niache kitanda changu nikalale kwenye kiti?" mume aliuliza, kichwa kikiwa chini ya mto.

"Utalala ukiwa na mimi. Hapa unalala peke yako."

Mume alitoa kichwa akamtazama kidogo, kisha akaulizia shati lake.

Kweli alilala. Wimbo wa kwanza haukufika katikati, akaanza kukoroma, na Mama Pasi akamfinya mpaka kucha zikauma. Aliacha kukoroma lakini hakuamka. Kisha mpiga ngoma akapewa zamu yake. Alianza polepole, mara akafungua mikono yote miwili, na mlinzi akakurupuka kitini, mkono umeruka kiunoni kutafuta tochi. Watu wa nyuma waliangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, macho makavu, na hakulala tena.

Njiani mume akasema, "Umemwona yule wa ngoma? Hatazami ngoma zake. Anamtazama wa piano."

"Anangoja amalize."

"Ndiyo. Anajua anamaliza lini. Anajuaje?"

Wakabishana mpaka nyumbani. Mke alisema wanapangana, mume alisema wangekuwa wamepangana yule wa piano asingecheka kwa mshangao vile. Jumatatu jioni, mlangoni, mume akiwa na koti lake la kazi begani, hakuuliza habari ya fundi bomba. Alisema, "Bado nasema saksafoni alizidisha," akatoka haraka asijibiwe. Mama Pasi alikaa na jibu lake tumboni usiku kucha, akampa asubuhi kabla ya salamu.

Usidhani uchovu uliisha. Miguu ilijaa vilevile. Siku nyingine alifika ukumbini akiwa hajiwezi, akasikia nusu ya muziki na nusu ya usingizi. Lakini wiki sasa ilikuwa na mahali pa kuelekea.

Kisha msimamizi wa chumba cha kufulia akatangaza kwamba hospitali nyingine italeta nguo zake, hivyo kutakuwa na zamu ya Jumapili. Akamwita Mama Pasi kwanza, maana hakuwahi kukataa jambo.

"Jumapili sitaweza," Mama Pasi alisema.

Msimamizi alidhani Mama Pasi hakumsikia, kwa kelele za mashine. Akamsogeza koridoni. "Una mgonjwa?"

"Sina."

"Ibada?"

"Nakwenda kusikiliza muziki. Na mume wangu."

Msimamizi alimtazama kama aliyetajiwa ugonjwa usiojulikana. "Mama Pasi, muziki si upo hata redioni?"

"Redioni hawanioni," alijibu, na mwenyewe hakujua jibu lile limetoka wapi.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba cha nyuma, kuchambua nguo chafu kabla hazijaoshwa. Aliyechukua zamu ya Jumapili alipewa nafasi yake kwenye roli. Kule nyuma kazi ilikuwa kuvaa glavu mpaka viwikoni, kufungua magunia, kutenga za damu, za matapishi, za dawa. Harufu ilimfuata hadi nyumbani ikakaa naye mezani. Wenzake wakambandika jina jipya, Mama Jazi, na si wote waliolitamka kwa upole. Kuna siku alijiuliza kama hakufanya upumbavu. Alikuwa mtu mzima, na sasa alikuwa akiinamia magunia kwa ajili ya wazee wanne na besi.

Alhamisi moja alifungua gunia kutoka wodi ya wazazi. Katikati ya mashuka mazito ya damu akakuta soksi moja ya mtoto mchanga, nyeupe, haijachafuka kabisa. Huenda iliponyoka tu. Huenda mtoto yuko kwao anapiga kelele na mguu mmoja uko wazi. Hakuna wa kumuuliza. Aliiweka juu ya dirisha, akaendelea kuchambua, kila mara akiigeukia.

Jumapili alikaa kitini kama mzigo. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa polepole. Wa saksafoni alipiga sauti chache, akiacha nafasi kubwa kati ya moja na nyingine, na katika moja ya nafasi hizo Mama Pasi akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu, yakaloanisha kola. Mumewe aliona. Hakuuliza wala hakumpa leso. Aliuweka mkono wake mzito juu ya wa mkewe, akauacha pale, huku macho yake yakiwa kwa wapigaji.

Nje ya ukumbi kulikuwa na ukuta mfupi, wakakaa. Watu walipita, wifi alipita akataka kusema kitu, akaona nyuso zao, akajikaza akarudi ndani na ufagio.

"Nimeokota soksi kazini," Mama Pasi alisema. "Ya kichanga."

Kabla ya watoto wao wote walikuwa wamepata mmoja, wa kike, ambaye hata wiki hakuimaliza. Wakati ule mume alichimba kaburi pamoja na ndugu zake, jioni akaenda lindo, na tangu siku hiyo hawakumtaja. Si kwamba walikatazana. Hapakutokea nafasi, na nafasi ilipochelewa sana wakaogopa kuitafuta.

"Alikuwa na vidole virefu," mume alisema.

"Uliviona?"

"Nilivihesabu. Wewe ulikuwa umelala."

"Mimi nakumbuka nywele tu. Nilidhani wewe umesahau vyote."

"Ningesahau vipi? Usiku mzima niko macho pale ghalani, nafikiria nini unadhani? Vipuri?"

Mama Pasi akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa mkono wa shati la mumewe kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Wakaendelea. Alimweleza habari ya maziwa yaliyoendelea kutoka baada ya mazishi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama yake mzazi. Mume alimweleza kwamba jina la mtoto bado analo, hajampa mtu mwingine, hata watoto wao walipoliomba kwa ajili ya mjukuu alisema halimpendezi. Mmoja alisema, mwingine akangoja mpaka amalize, ndipo akasema lake.

Jua lilipoondoka ukutani, mpiga besi alitoka na chombo chake mgongoni, akawapungia bila kusimama. Wakainuka kwa shida, magoti yote manne yakilalamika, wakashika njia. Kesho yake Mama Pasi alirudi kwenye magunia. Huko ndiko aliko hadi leo, na akirudi nyumbani jioni ananuka dawa na hana nguvu ya kuinua sufuria. Mumewe siku hizi hutoka kwenda lindo akiwa amechelewa kidogo kwa maongezi ya mlangoni, na mkuu wake ameshamwonya mara moja.