Kifuniko cha Mabuu wa Barafuni

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujivuna wala kwa kujuta. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na muuguzi asiyeshuku huzika wagonjwa. Mgonjwa akiniambia amemeza dawa, natazama chini ya ulimi. Binti yangu alipoanza kunisimulia habari za wadudu wa Antaktika, nilitamani sana kumtazama chini ya ulimi.

Nilikuwa na sababu. Akiwa mwaka wa pili chuoni Houston, aliacha masomo ya uuguzi akahamia biolojia, na hakuniambia. Niliambiwa na mama mmoja wa kanisani kwetu hapa Arlington, tukiwa jikoni tunapakua pilau, kwa ile sauti ya kunihurumia ambayo siipendi kabisa. "Kwani hukujua? Msichana wako ali-drop nursing kitambo." Lisemwalo lipo. Nilipompigia simu alikubali, akalia, nami nikasema maneno ambayo hadi leo sijui kama ameyasahau. Tangu siku hiyo, kila alichoniambia nilikipima mara mbili. Akisema yuko maktaba, nilimwuliza hizo kelele ni za nini.

Sasa mtu wa namna hiyo anakuja kukwambia kwamba anasomea mabuu wa usubi wanaoishi kwenye barafu. Huko Houston, mji ambao jasho linakutoka ukiwa umesimama tu kungoja lifti.

"Mum, huyo ndiye mnyama mkubwa kuliko wote anayeishi on land huko mwaka mzima," aliniambia kwenye simu.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele. Less, actually."

"Na pengwini?"

"Penguins ni wa bahari. They don't count."

Pengwini hahesabiki, usubi ndiye mnyama mkubwa. Nilikata simu nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikaacha kucheka, maana nilianza kujiuliza ni jambo gani zito linalofichwa nyuma ya uongo wa kijinga kiasi hicho. Mimba? Mwanamume? Amefukuzwa chuo?

Ijumaa moja jioni alifika nyumbani na kisanduku cha barafu. Mwalimu wake alikuwa amemtuma kwenye chuo kimoja huku kaskazini akachukue mabuu waliotolewa na mtafiti mwenzake, alale kwangu, kisha awapeleke Houston. Ndani mlikuwa na kopo moja la plastiki, ukubwa wa kopo la mafuta ya kujipaka, lenye kifuniko cha kukaza. Aliliweka kwenye droo ya chini ya friji, karibu na sukuma wiki yangu. Lazima niseme kwamba katika friji yangu kila kitu kimebandikwa utepe mweupe. Kazini ukifungua chupa ya dawa au ya maji ya chumvi unaandika siku, saa na herufi za jina lako, na mazoea hayo niliyaleta nyumbani. Maziwa yana utepe, supu ina utepe. Watoto wa wageni hunicheka.

"Mum, please, usiguse hiyo," alisema. "Ndiyo project yangu yote. Hao wakikufa, sita-graduate."

"Nani ataigusa?" nilimjibu, kama mtu aliyetukanwa.

Jumamosi asubuhi nilitoka zamu nikakuta ameniachia ujumbe kwamba amekwenda kwa rafiki yake Carrollton na atarudi Jumapili baada ya ibada. Nilisimama mbele ya friji na viatu vya kazi miguuni. Nilijiambia nachukua maziwa tu. Halafu nikanawa mikono, nikavaa glavu, maana hata uchokozi mimi naufanya kwa usafi, nikafungua lile kopo.

Walikuwa ishirini, wamelala juu ya karatasi yenye unyevunyevu. Nilichukua kioo ninachosomea maandishi madogo ya dawa nikainama. Nimeona funza kwenye vidonda vya watu, kwa hiyo nilijua cha kutafuta. Funza wa kidonda ni mweupe, mwili umechongoka upande mmoja, kichwa chenyewe hakionekani. Hawa walikuwa na rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, na kila mmoja alikuwa na kichwa kamili, kigumu, cha kahawia, chenye taya. Mwili ulikuwa wa pingili pingili. Miguu ya kweli hawakuwa nayo. Chini ya kichwa palitokeza vivimbe viwili kama vijiguu vya mtoto aliyevishwa soksi, na mkiani vingine viwili vyenye kulabu ndogo mno. Walijivuta kwa vile vya mbele, wakajishikilia kwa vile vya nyuma. Funza wa kidonda ana vitundu viwili vya kupumulia mkiani. Kwa hawa nilivitafuta sikuviona, nikajiuliza wanapumuaje. Baadaye binti yangu aliniambia wanapumua kwa ngozi, na kwamba ule weusi ni wa kunasa joto la jua.

Basi mdudu alikuwepo. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikawaza: kuwepo kwa mdudu si ushahidi kwamba ametoka Antaktika. Nikawa nawageuza kwa ncha ya pamba, nikitafuta sijui nini, mpaka simu ikaita. Walikuwa kazini, wananiomba nirudi zamu ya usiku. Tulibishana. Kumbe nikiongea mikono ilikuwa inafanya kazi yake, ikarudisha kopo mahali pake. Nikaenda kulala.

Jumapili asubuhi nilifungua tena ile droo, kuhakikisha tu. Kifuniko kilikuwa kimeegeshwa juu, hakikukazwa. Karatasi ilikuwa imekauka kabisa. Wale mabuu walikuwa wamejikunja na kunyauka, ngozi imeingia mikunjo, wamekuwa kama majani makavu ya chai. Niliwagusa kwa pamba. Hakuna aliyetikisika. Nimefunga macho ya wengi, na kifo nakijua nikikiona.

Nilifikiria kuwawekea maji nikaogopa, maana maji yetu ya bomba yana dawa. Basi nilichofanya ni hiki, na nakisema kwa aibu: nilikaza kifuniko, nikarudisha kopo, nikaenda kanisani nikaimba.

Aliporudi alilitoa kopo mwenyewe. Alisimama amenipa mgongo, akakitazama kifuniko kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akaliweka kwenye kisanduku, akanibusu shavuni. "Asante kwa kunitunzia, Mum." Asante hiyo niliishuku hadi gari lilipopotea kwenye kona. Je, aliona? Kama aliona, mbona hakusema? Na kama hakuona, ni nani atakayemwona akilia atakapofungua?

Jumatatu hakupiga simu. Jumanne aliniandikia neno moja, "Busy." Jumatano nilikuwa na mapumziko, nikapika chapati, nikashika njia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawajaendesha gari saa nne kutoka Arlington hadi Stafford, kando ya Houston, anakokaa binti yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuungama, na kila nilipoyapanga yaligeuka kuwa ya kujitetea. Niliumia moyoni, niseme wazi. Nilikuwa nimemwulia mwanangu mwaka mzima wa masomo kwa sababu sikumwamini.

Nilimkuta nje ya nyumba anayopanga. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Good, umekuja. Twende nikuonyeshe kitu."

Alinipeleka chuoni. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kidogo chenye mafriji mengi. Alinikalisha mbele ya hadubini. Niliweka jicho, nikamwona mmoja, mnene, mweusi, ngozi imekaza, anajivuta kwa vijiguu vyake vya mbele. Pembeni yake mwingine. Wote hai.

"Hawa si wale," nilisema. Ndilo neno la kwanza lililonitoka. "Umepewa wengine."

"Mum! Ni wale wale."

Akanieleza pole pole, kama mimi ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa. Kule kwao maji yote hugeuka barafu, hakuna ya kunywa. Basi buu huachilia maji ya mwilini mwake yatoke, sehemu kubwa kabisa, ngozi ikanyauka, naye akangoja. Akipata unyevu anavimba tena na kuendelea na maisha. "Kwa fridge walikauka slowly," alisema. "Hiyo ndiyo iliwaokoa. Kumi na saba wameamka. Watatu hawakuamka."

Alikwenda kwenye sinki kuosha kisahani. Daftari lake la kazi lilikuwa wazi mezani, na mimi ni yule yule, nikasoma. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa wino, kwamba mabuu watatu walikufa kwa sababu yeye mwenyewe hakukaza kifuniko alipokuwa njiani.

Huo ndio uongo niliokuwa nimeuwinda kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeupata, na ulikuwa umeandikwa kwa ajili yangu.

"Nani amekwambia ni mimi?" nilimwuliza.

Aligeuka, akakausha mikono, akatoa simu yake. Nyuma ya kava alikuwa amebandika kipande cha utepe mweupe. Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, herufi mbili za jina langu. Mwandiko wangu. Nilikuwa nimeandika nikibishana na watu wa kazini, bila kujua. Na Jumapili sikuuona, kwa sababu macho yaliyozoea kuona utepe kwenye kila chupa hayauoni tena.

"Mum, wewe hata uki-steal unaandika saa," alisema, akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Niliutoa kabla prof aone. Nilikuwa nangoja useme."

"Nilikuja kusema."

"I know. Ulileta chapati."

Nilivuta lile daftari. "Kazini kwetu hatufuti," nilimwambia. "Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kilichokuwepo kisomeke. Pembeni unaandika ukweli. Unatia sahihi."

"Wataniuliza kwa nini nilikuachia."

"Waambie ulimwachia mama yako, na ulimwambia asiguse."

"Wanaweza kunitoa kwa project."

"Najua," nilisema, na niliogopa kuliko yeye. Mwalimu wake, nilikuja kuambiwa baadaye, alimfokea nusu saa nzima, kisha akamwacha aendelee na wale kumi na saba. Lakini wakati ule hatukulijua hilo, yeye wala mimi.

Alichukua kalamu. Kisha akapiga mstari mmoja, ulionyooka, kama alivyofundishwa kabla hajaacha uuguzi. Akaandika ukweli wote, akatia sahihi, akanisogezea daftari na kalamu. Nilitazama saa ya ukutani. Nikaandika siku, saa, na herufi mbili za jina langu, na safari hii nilijua kwamba ninaandika.