Msimu Niliomzuia Mama Kupanda

Mimi hufundisha jiografia katika shule ya upili hapa Voi, na kila mwaka tukifika mada ya bahari na hewa huingia darasani na beseni la maji. Napuliza upande mmoja, wanafunzi wanaona vijiwimbi vikikimbilia upande wa pili. Nawaambia pepo za baharini hufanya hivyo hivyo, ila kwa miezi mizima, na beseni lenyewe linatoka Mombasa hadi Indonesia. Pepo zikiyasukuma maji ya moto kwenda kule, huku kwetu yanabaki ya baridi, hewa yenye mvuke haipandi, na vuli inakuwa ya kusikitisha. Maji ya moto yakikusanyika upande wetu, mito inavunja madaraja. Siku moja msichana wa nyuma ya darasa aliinua mkono akauliza, "Madam, sasa hiyo bahari inatuhusu nini na sisi tuko Voi?" Darasa likaangua kicheko. Nilimjibu kwa dakika ishirini, na nilimjibu vizuri. Ningekomea hapo darasani, leo nisingekuwa na hasira hii.

Mama yangu analima Sagalla, mlima ule unaouona ukitoka tu nje ya stesheni. Shamba lake liko mteremkoni na si kubwa. Anapanda mahindi ya kienyeji, meupe, ya punje ndogo, mbegu aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa. Kila mavuno huchagua mahindi yaliyojaa vizuri, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Majirani wengi walishahamia mbegu ya dukani. Hiyo ya mama haiuzwi popote, na yeye hana nyingine isipokuwa ile inayoning'inia jikoni kwake.

Watu wa mlimani hawangoji mvua ndipo wapande. Vuli ikikaribia wanachimba mashimo kwenye ardhi kavu, wanatia mbegu vumbini, wanafukia na kwenda zao. Mvua ya kwanza ikishuka inaikuta mbegu ndani. Nimekulia katika kazi hiyo, mgongo wangu unaijua. Lakini ukishasoma unaanza kuona kila jambo la nyumbani ni ujinga unaosubiri kurekebishwa na wewe.

Mwaka jana, kabla ya vuli, nilikuwa nimesoma utabiri wote uliokuwapo kwenye simu. Bahari upande wetu ilikuwa ya baridi, mvua ingekuwa haba. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Sagalla, nikamkuta mama shambani na jirani yake, mwanamke wa rika lake ambaye wamelima pamoja tangu wakiwa wake wageni. Kikapu cha mbegu kilikuwa chini.

"Mama, usipande sasa," nikasema hata kabla ya salamu kwisha. "Utaunguza mbegu. Mvua hakuna."

"Nani amesema hakuna?"

"Bahari. Maji ya upande wetu ni baridi mwaka huu."

Mama akaegemea jembe lake. "Kumbe mnaongea na bahari siku hizi."

Jirani akacheka. "Mwalimu, si tumepanda vumbini tangu tuzaliwe?"

Nilichukua kijiti nikawachorea chini. Nilichora bahari, nikachora pepo, nikachora Indonesia karibu na mguu wa jirani. Nikawaambia wangoje mvua inyeshe vizuri mara mbili, ardhi ilowe hadi ndani, ndipo wapande. Jirani alitazama mchoro, akatazama mbingu, akarudi upande wake wa mpaka kuendelea kuchimba. Mama alitazama kikapu cha mbegu. Kisha akamwambia kwa sauti, ng'ambo ya mpaka, "Huyu nimemsomesha mwenyewe. Nisipomsikiliza, nilimsomesha ya nini?" Akabeba kikapu akakirudisha jikoni. Mimi nikateremka Voi kichwa kimevimba kwa sifa.

Hazikupita wiki mbili, mvua ikanyesha Sagalla. Voi halikudondoka hata tone, vumbi lilikuwa lile lile, ndiyo maana mama aliponipigia simu sikumwamini. "Imenyesha," akasema. "Imelowesha kabisa." Nikamwambia angoje ya pili. Akasema, "Haya, mwanangu."

Hapa ndipo hasira hunipanda, na sijui niielekeze wapi. Najua kwa nini ilinyesha. Hewa kutoka baharini, hata ikiwa na mvuke kidogo, ikifika mlimani haina pa kupita ila juu, na ikipanda inapoa, na ikipoa inamwaga ilicho nacho. Nimelifundisha hilo kidato cha pili kwa mchoro wa mlima na mishale, mwaka baada ya mwaka, huku mlima wenyewe ukionekana dirishani. Lakini ramani ya utabiri ilikuwa imepaka kaunti yetu nzima rangi moja. Kwenye simu yangu kidole kimoja kinafunika Voi, Sagalla na Mwanda ya kule juu milimani kwa pamoja, mahali ambapo mtu mmoja anavaa sweta na mwingine anatafuta kivuli. Nilikiangalia kidole changu kikifunika shamba la mama na sikushtuka.

Mvua ya pili ilichelewa. Ilipokuja mama akapanda siku hiyo hiyo, mbegu yote, kama nilivyomwelekeza. Mahindi ya jirani wakati huo yalishafika magotini. Baada ya hapo mbingu zikafunga, na zikafunga kweli. Vuli ikawa haba vile vile utabiri ulivyosema. Shuleni walimu wenzangu walinipongeza. "Madam, wewe ulisema!" Mmoja aliniomba nieleze tena habari ya yale maji ya baridi, na mimi nikaeleza huku nimeuma meno. Sijawahi kuchukia kuwa sahihi namna ile.

Nilipopanda tena mlimani, ya jirani yalikuwa yamebeba. Si mengi, lakini yamebeba. Ile mvua ya kwanza ndiyo iliyoyalea. Ya mama yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, majani yamejikunja kwa kiu. Nilingoja anikaripie. Mama yangu anajua kukaripia, uliza mtu yeyote pale kanisani. Akainama kung'oa magugu. Na jirani alipoanza, "Lakini mwalimu naye...," mama alimkata: "Alisema mvua itakuwa kidogo, na imekuwa kidogo." Maneno hayo yalinikata maini. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Tulivuna mahindi yasiyojaza hata sufuria, mengi yakiwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Mama aliyageuza moja moja kwa muda mrefu. Mwishowe akachagua mawili, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya meko mahali palipozoea kubeba mzigo. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Vuli nyingine sasa imekaribia. Nimesoma kila kitu, tena mara hii nimesoma hadi yale maelezo madogo ya chini ambamo wataalamu wenyewe wanakiri hawawezi kusema mvua itaanza siku gani wala itanyesha kwenye shamba la nani. Bahari upande wetu ina joto. Dalili ni nzuri. Jumamosi iliyopita nikaenda Sagalla, nikamkuta mama ameshachimba mashimo yake, machache, karibu na nyumba. Mbegu ya yale mahindi mawili ilikuwa ndani ya kikombe cha chai, na kikombe hakikujaa.

"Bahari inasemaje mwaka huu?" akaniuliza.

Hakuwa ananidhihaki. Nilimtazama usoni nikaona anataka kujua, na angefanya nitakalosema, kama mwaka jana. Majibu yalinijaa mdomoni: joto la maji, pepo zilizolegea, Indonesia. Nikimwambia apande, mvua ikaanza kisha ikakatika wiki mbili, miche itakauka na kikombe kile kimekwisha. Nikimwambia angoje, yatakuwa yale yale.

"Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama kidogo, akainama juu ya shimo la kwanza.

"Hilo ndilo ungeniambia mwaka jana," akasema, na akatia punje mbili vumbini.