Fundi Kelestini na Muziki wa Kufumba Macho

Fundi Kelestini wa Mchombe alikuwa na majibu matatu ya simu, na yalimtosha kwa miaka minane. La kwanza lilikuwa "Ndiyo." La pili, "Vizuri sana, Mungu akubariki." La tatu, lililotumika mazungumzo yakionekana kurefuka, "Usisahau kula." Kwa majibu hayo matatu alikuwa amepokea habari za misiba na harusi, amekubali kuwa mjumbe wa kamati ya zahanati bila kujua, na amejipatia sifa ya mzee mpole asiyependa mabishano. Ukweli ni kwamba hakuwa anasikia.

Masikio yake yalikuwa yameondoka polepole, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Miaka thelathini ya kusimama kando ya mashine ya kukoboa mpunga si mchezo. Kwanza walipotea vyura wa mashambani. Kisha ukapotea mlio wa simu, akabaki na mtetemo wake mfukoni, kisha sauti za wanawake, na mwisho mahubiri ya padri, ambayo hakuyasikitikia kupita kiasi. Angeweza kusema, lakini nani angemwachia kiziwi mashine? Vitus, mwenye mashine, aliwahi kumfukuza mlinzi kwa sababu alimwota amesinzia. Na mashine ile ndiyo iliyokuwa maisha ya Kelestini. Tangu mkewe afariki hakuwa na kingine cha kuamkia.

Basi akawa mtu wa kutazama midomo. Watu wakicheka, alicheka nusu sekunde baadaye. Wakinyamaza, alitikisa kichwa kwa huzuni ya jumla isiyohusu jambo lolote. Na yalikuwapo maneno mawili ambayo alijiapiza hayatatoka kinywani mwake kamwe: "Sema tena." Mtu akianza kusema sema tena, alijiambia, amekwisha.

Mashine yenyewe hakuwa na shida nayo. Alikuwa na bisibisi ndefu, ya urefu wa mkono mpaka kiwiko, ambayo ncha yake aliigusisha kwenye chuma cha mashine na mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kila fundi mzee hufanya hivyo. Mlio ulipanda kupitia chuma, ukaingia mfupani, na Kelestini akajua beringi ipi imeishiwa grisi na mkanda upi umelegea, kabla mchele haujaanza kutoka chenga tupu. Kitu kimoja tu alikikataza wakati huo: kelele za watu. Wasaidizi wawili walipoteza kazi kwa kupiga mluzi. Yeye mluzi wenyewe hakuusikia, aliona midomo yao imechongoka, akakasirika kwa kanuni.

Mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto na magunia yamejaa hadi mlangoni, binti yake Devota alikuja kutoka Dar es Salaam na kompyuta, spika mbili na nywele za rangi ya kutu. Baba alijua binti ana kazi ya ofisini kwenye kampuni ya bima, akadhani yuko likizo. Kuhusu nywele hakuuliza, maana kuuliza kungeleta jibu.

Siku nne Devota alizunguka bonde na kinasa sauti. Alirekodi vyura wa mashamba ya Katindiuka, maji ya mto, wanawake wakipepeta, na asubuhi nzima akairekodi mashine ya baba yake ikifanya kazi. Siku ya tano akabandika karatasi kwenye mlango wa ghala la mashine: Jumapili baada ya Misa, watu wote wanakaribishwa kusikiliza ambienti na saikedeliki ya Bonde la Kilombero. Kelestini aliisoma mara mbili. Yalikuwa majina ya aina za muziki, lakini kwake yalifanana na ya dawa za kuua magugu. Akaona ni jambo jema, wakulima wataelimishwa.

Jumapili walifika watu ishirini na sita, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na mkutano wowote wa kijiji, labda kwa sababu Devota alitangaza maandazi. Alikuwepo Bernadetha, katibu wa kwaya, aliyekuja kuhakikisha hakuna dhambi. Alikuwepo Vitus, aliyekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kelestini aliwekwa mbele kabisa, kwenye gunia, kama baba wa msanii. Midomo ya binti yake ilimwambia: "Baba, wewe ndiye utakayesema wa kwanza ulivyosikia."

Kelestini hakuogopa sana. Angewatazama wenzake nyuso na kujua la kusema. Hapo ndipo Devota alipowageukia watu wote na kutoa agizo moja la mwisho, ambalo Kelestini alilisoma neno kwa neno.

"Fumbeni macho mpaka muziki uishe."

Mtu anayesikia kwa macho akaambiwa afumbe macho. Kelestini alifumba, kwa sababu binti yake alikuwa anamtazama.

Gizani mwake hakukuwa na kitu. Alikaa, akatikisa kichwa taratibu kama watu wanavyofanya kanisani nyimbo za Kilatini zikiimbwa. Baada ya muda alifumbua jicho moja kidogo. Vitus alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Bernadetha anahesabu rozari. Mzee wa mstari wa pili anasafisha kucha kwa njiti ya kiberiti, macho yamefumbwa kwa uaminifu. Akaona kumbe si yeye peke yake asiyesikia, akafumba tena jicho lake kwa amani.

Dakika ya kumi na mbili umeme ulikatika. Spika zikanyamaza. Watu wakafumbua macho, wakanyoosha miguu, Vitus akaamka na kuulizia maandazi. Wote wakaanza kuongea kwa pamoja jinsi muziki ulivyowagusa. Bernadetha alikuwa amemwona marehemu bibi yake. Vitus alisema amesafiri mbali sana, na hakusema uongo. Ni baadaye kidogo mtu mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole mstari wa mbele.

Fundi Kelestini alikuwa bado amefumba macho. Anatikisa kichwa. Anatabasamu.

"Mzee Kelestini," Bernadetha aliita. Hakujibu.

"Fundi!" Vitus aliita, na fundi akainua mkono mmoja polepole, kama mtu aliyeguswa na sehemu nzuri zaidi. Vitus akasimama, akaweka mikono kinywani, akapiga kelele za kuamsha kijiji: "Fundi Kelestini! Mashine inaungua!"

Kelestini alivuta pumzi ndefu ya raha.

Alipofumbua tena jicho kuchungulia, watu wote walikuwa wanamtazama, akaelewa kwamba zamu yake imefika. Akasimama, akashika kofia kifuani.

"Kwa kweli," alisema, "nimesikiliza miziki mingi, lakini huu umetulia. Umepangwa. Na hasa pale mwisho, pale mwisho ndipo paliponigusa. Usipunguze chochote pale mwisho, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka angejua la kufanya. Alitazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na kwenye midomo ya Bernadetha akasoma: kumbe hasikii. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alitamani magunia yote ya ghala yamwangukie.

Vitus hakuchelewa. Alimsogelea, akanyoosha kiganja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamka maneno taratibu ili aeleweke. "Ufunguo wa mashine. Nipe."

Kelestini aliushika ufunguo uliokuwa shingoni. Kisha, badala ya kuuvua, alipita kando ya bosi wake, akaingia chumba cha mashine, akaizungusha injini ya dizeli mpaka ikawaka. Watu walimfuata hadi mlangoni. Alichukua bisibisi yake ukutani, akagusa hapa, akagusa pale, mpini nyuma ya sikio. Alikaa hivyo kidogo, kisha akazima.

"Chujio, upande wa ukutani, nati ya tatu imelegea," alisema. "Kesho ingeanza kurusha mpunga nje."

Vitus aliingiza mkono nyuma ya chujio, akapapasa. Ile nati ilizunguka kwa vidole viwili.

"Mashine naisikia," Kelestini alisema, kwa hasira iliyokuwa imengoja miaka minane. "Ninyi ndio siwasikii."

Vitus alifuta grisi kwenye suruali ya Misa. Alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi, kwa hiyo alisema kwamba mwaka huu mvua zilichelewa kidogo, akaenda kwenye maandazi. Ufunguo alikuwa hajauchukua, na hakuurudia tena.

Watu wakamfuata Vitus. Alibaki Devota, ameegemea mlango, na uso wake haukuwa na furaha ya mtu ambaye baba yake ameshinda.

"Baba," alisema, akihakikisha anatazamwa. "Januari nilikupigia simu. Nilikwambia nini?"

Kelestini alitafuta kwenye majibu yake matatu. Hakuna lililofaa. "Sijui, mwanangu."

"Nilikwambia nimechoka na ofisi, nataka kuacha kazi nifanye muziki. Nikakuuliza unaniruhusu. Ukasema, 'Vizuri sana, Mungu akubariki.' Nikalia, Baba. Nikasema baba yangu ananielewa kuliko watu wote. Kesho yake nikaacha kazi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Halafu ukaniambia nisisahau kula."

Kelestini alikaa kwenye ngazi ya mashine. Alikuwa ameficha uziwi ili asipoteze kazi yake, na kumbe ameipoteza ya mtoto. Aligeuza bisibisi mikononi, akaigeuza tena, akajichukia.

Umeme ukarudi. Hakujua, mpaka alipoona binti anamshika mkono na kumvuta kwenye ghala lililokuwa tupu. Devota aliitazama ile bisibisi, akaitazama spika. Kisha akaishika ncha na kuiweka juu ya boksi la spika, na mpini akauelekeza nyuma ya sikio la baba yake.

Kelestini aliruka.

Kwanza aliwasikia vyura. Vyura wenyewe, wale wajinga wa Katindiuka, aliowaaga miaka mingi nyuma. Walikuwa wengi, sauti zao zimevutwa zikawa nzito, wanaitikiana kutoka mbali. Chini yao maji yakawa yanapita bila haraka, na mlio wa nyungo za wanawake unakuja na kurudi. Kisha mashine yake ikaingia, imepunguzwa mwendo mpaka kila pigo la mkanda likawa kubwa kama nyumba, na ndani yake kitu kinawaka na kuzimika ambacho hakukijua jina. Akasimama hivyo mpaka dakika ya kumi na mbili ikapita, na ya kumi na tano.

"Katikati pamerefushwa mno," alisema hatimaye kwa sauti ya fundi. "Na yupo mtu. Kuna mtu anaguna kwenye mashine yangu. Anaimba vibaya. Nani huyo uliyemruhusu?"

Devota alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alimnyooshea kidole kifuani. "Ni wewe, Baba. Unaimba ukifanya kazi. Siku zote. Mchombe nzima inajua."

Kelestini aliwafikiria wale wasaidizi wawili waliofukuzwa kwa mluzi, akaona heri asiwafikirie sana.

Devota akazima muziki. Aliiondoa ncha ya bisibisi kwenye spika na, baba yake akiwa bado ameshikilia mpini nyuma ya sikio, akaigusisha kwenye mfupa wa kidevu chake mwenyewe. Alimtazama machoni.

"Baba," alisema. "Niendelee, au nirudi ofisini?"

Sauti ilipanda kwenye chuma. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, yenye kukwaruza kidogo. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, na yeye mara ya mwisho alisikia ya msichana wa shule. Alilisikia kila neno, mpaka pumzi iliyofuata.

"Endelea," alijibu, naye akajua anachojibu.

Devota akaanza kuishusha ile ncha. Kelestini alimshika mkono, akaurudisha palepale kidevuni.

"Sema tena," alisema.